Injini ya mfano inateleza kwenye mwinuko: niongeze uzito, nivishe mpira au nibadilishe mota?

MwanagenziReli

Ndugu wapenzi wa reli za mfano, naomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo limenishinda kwa wiki kadhaa sasa. Nina injini ya mvuke ya kipimo cha HO, yaani 1:87, yenye ekseli tatu za kuendeshea na bogi ndogo ya ekseli mbili (kigari cha magurudumu yasiyoendeshwa na mota) upande wa mbele, ikifuatwa na kibehewa chake cha makaa. Injini peke yake ina gramu 280, kibehewa cha makaa kina gramu 90, na mabehewa ya abiria ninayotaka ivute ni manane, kila moja likiwa na gramu 130 hivi. Kwenye tambarare huyavuta yote manane bila tabu. Shida huanza pale ambapo njia inapanda sentimita 6 ndani ya mita 2, na katikati ya mpando huo kuna kona ya robo duara yenye nusukipenyo cha sentimita 50. Mabehewa manne hupita kwa shida. Nikiongeza la tano, treni hupunguza mwendo inapoingia kwenye kona, kisha husimama huku magurudumu ya injini yakiendelea kuzunguka mahali pamoja.

Mwenzangu mmoja amenishauri ninunue mota yenye nguvu zaidi, mwingine ameniambia nivishe magurudumu mawili pete za mpira, na wa tatu anasema nijaze metali ya risasi ndani ya boila mpaka pasibaki nafasi. Kabla sijafungua chochote, ningependa kuelewa ni ipi kati ya njia hizi inayogusa chanzo cha tatizo, na kama ipo hatari ya kuiharibu injini ambayo kwa mengine yote inaniridhisha.

KapiNaUzi

Ndugu Mwanagenzi, jibu la swali la mota umelitoa mwenyewe bila kujua, pale uliposema kwamba treni ikisimama magurudumu yanaendelea kuzunguka. Mota inayozungusha magurudumu huku injini imesimama ina nguvu ya ziada ambayo haipati mahali pa kushikia. Ingekuwa mota ndiyo dhaifu, magurudumu yangeganda na injini ingenguruma au kunyamaza kabisa. Kwa hiyo mota mpya ingekupa mtelezo ule ule, pengine kwa kasi kubwa zaidi.

Nguvu ambayo injini inaweza kuvuta kabla ya kuteleza haizidi uzito ulio juu ya magurudumu ya kuendeshea ukizidishwa kwa kiwango cha msuguano kati ya gurudumu na reli. Kwa magurudumu ya metali juu ya reli za metali zilizo safi, kiwango hicho huwa karibu na 0.2, yaani moja ya tano ya uzito. Injini halisi za mvuke hazikuwa mbali na hapo, kwani wahandisi walipenda uzito ulio juu ya magurudumu ya kuendeshea uwe takriban mara nne ya nguvu ya kuvuta. Zingatia kwamba nasema uzito ulio juu ya magurudumu ya kuendeshea, si uzito wote wa injini, kwa sababu gramu zinazobebwa na bogi ya mbele hazivuti chochote. Tuseme bogi yako inabeba gramu 30: zinabaki gramu 250, na moja ya tano yake ni gramu 50.

Sasa tuangalie upande wa mzigo. Behewa la kawaida linalobingirika vizuri hudai asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake ili liendelee kwenda kwenye tambarare. Mabehewa yako manane pamoja na kibehewa cha makaa ni gramu 1130, ambazo kwa asilimia 2.5 zinadai gramu 28 tu, na ndiyo maana kwenye tambarare huoni tatizo. Lakini mpando wa sentimita 6 katika mita 2 ni mwinuko wa asilimia 3, na mwinuko huo hutozwa kwa kila kitu kinachopanda, injini yenyewe ikiwemo: gramu 1410 kwa asilimia 3 ni gramu 42 zaidi. Tumeshafika 70 kabla hatujaihesabu kona, ilhali injini inaweza 50. Kona nayo ina ushuru wake. Kanuni ya zamani ya wajenzi wa HO, ukiigeuza kuwa sentimita, inasema ugawe 81 kwa nusukipenyo, na utakachopata ni mwinuko wa ziada kwa asilimia. Kwako ni asilimia 1.6, ingawa hutozwa kwa yale mabehewa mawili matatu tu ambayo kwa wakati huo yako ndani ya kona.

Hizi ni hesabu za mezani, nami naamini kipimo kuliko hesabu. Funga uzi kwenye ndoano ya nyuma ya injini, uupitishe juu ya kapi dogo kwenye ukingo wa meza, na mwishoni utundike kikombe chepesi. Injini ikiwa inavuta polepole, mimina mchanga kidogo kidogo mpaka magurudumu yateleze, kisha upime kikombe pamoja na mchanga wake. Utakapopata namba hiyo, andika tarehe na hali ya reli, maana bila rekodi hutajua kama marekebisho utakayofanya baadaye yamesaidia kweli au umejifurahisha tu.

FundiRisasi

Nakubaliana na KapiNaUzi juu ya kipimo, na sasa nizungumzie uzito, kwa kuwa ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote.

Kabla ya kuongeza hata gramu moja, tazama springi iliyo juu ya bogi ya mbele. Viwanda huweka springi hiyo ili bogi isitoke relini, lakini mara nyingi huwa ngumu kupita kiasi na huinua pua ya injini, ikiiba uzito ambao ungekaa juu ya ekseli za kuendeshea. Weka bogi peke yake juu ya mizani ya jikoni, huku magurudumu mengine yakikaa juu ya kipande cha reli kilicho kwenye kimo kile kile, usome inabeba nini. Springi laini zaidi, au mizunguko miwili ya ile iliyopo ikikatwa kwa uangalifu, hukupa mshiko bila kuongeza uzito wowote. Usiiondoe kabisa, la sivyo bogi itaanza kutoka njiani kwenye makutano ya reli.

Baada ya hapo ndipo ujaze. Nafasi ndani ya boila ni ndogo, hivyo uzito wa ujazo wa metali ndio unaoamua. Feleji ina gramu 7.8 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, risasi ina 11.3, na tungsteni ina 19.3, yaani mahali panapoingia gramu 30 za risasi pangeweza kuingia zaidi ya gramu 50 za tungsteni. Mimi hutumia bamba la risasi lililokunjwa kufuata umbo la boila, na tungsteni huiweka kwenye pembe nyembamba tu, kwa kuwa ni ngumu na haikatwi kwa mkasi. Jambo la msingi ni mahali pa kuuweka uzito huo. Injini ikiinuliwa kwa kidole katikati ya ekseli za kuendeshea, inapaswa kutulia sawasawa, isiangukie mbele wala nyuma. Wengi hujaza sanduku la moshi, yaani sehemu ya mbele ya boila, kwa sababu ndilo lenye uwazi, kisha wanashangaa kwa nini ekseli ya nyuma haishiki.

Nina onyo moja ambalo nililipata kwa hasara. Miaka iliyopita nilijaza boila moja kwa gololi ndogo za risasi na kuzishikiza kwa gundi nyeupe ya mbao, ile inayoyeyuka kwa maji. Kwa muda mrefu hakukuwa na tatizo lolote. Kisha siku moja niliona mstari wa nyufa ubavuni mwa boila, na nilipoifungua nikakuta risasi imegeuka unga mweupe uliovimba na kuipasua plastiki kutoka ndani. Gundi hiyo hutoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki, nayo huila risasi taratibu ikishirikiana na hewa. Tumia gundi ya epoksi. Vilevile risasi ni sumu: usiipige tupa hadi itoe vumbi, na unawe mikono kabla ya kugusa chakula.

PeteYaMpira

Kwa heshima zote kwa FundiRisasi, sioni sababu ya kujaza metali ndani ya injini ndogo wakati pete moja ya mpira kwenye ekseli ya nyuma inaweza kufanya kazi hiyo bila kuongeza hata gramu moja ya kupandishwa mlimani. Mpira hushika reli kuliko metali inavyoweza, na kwenye injini zangu zenye pete hizo tofauti huonekana mara moja. Kama magurudumu hayakuchongwa mfereji wa kuvalia pete, ipo bidhaa ya majimaji iitwayo Bullfrog Snot, ambayo hupakwa kwa kijiti huku gurudumu likizunguka taratibu, nayo ikikauka huacha utando mwembamba unaoshika.

FundiRisasi

Ndugu PeteYaMpira, sikatai kwamba mpira unashika. Ninachokataa ni kuutaja bila kutaja gharama zake. Gurudumu lililovikwa mpira halichukui umeme tena, hivyo injini yenye ekseli tatu hupoteza theluthi ya sehemu zake za kupokelea umeme, na injini itakayokwamakwama juu ya makutano ya reli haitakufurahisha hata kama inaweza kuvuta mabehewa ishirini. Aidha mpira huzeeka, hulegea na hukusanya uchafu ambao huusambaza njia nzima. Kuhusu utando kwenye gurudumu lisilo na mfereji, tabaka lolote lenye unene huinua ekseli ile, na katika chasisi isiyo na springi ekseli ya jirani inaweza kubaki ikielea. Weka injini juu ya kioo bapa, ujaribu kupitisha karatasi nyembamba chini ya kila gurudumu, na utaelewa ninachosema.

PeteYaMpira

Hoja ya umeme ni ya kweli pale ambapo kibehewa cha makaa hakichukui umeme. Kikiwa kinachukua kwa magurudumu yake yote, hasara hiyo huwa ndogo. Mwenye injini atueleze hali ya kibehewa chake kabla hatujaendelea kubishana.

SumakuChini

Naongeza njia moja ambayo haijatajwa. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Tri-ang iliuza injini zenye mfumo iliyoupa jina la Magnadhesion, ambapo sumaku karibu na magurudumu ya kuendeshea ilivutwa na reli za feleji. Reli nyingi za leo ni za nikeli-silva, ambayo licha ya jina lake haina fedha ndani yake bali ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, wala haivutwi na sumaku, hivyo mfumo ule wa zamani hauna kazi juu yake. Unachoweza kufanya ni kulaza mabamba membamba ya feleji chini ya mataruma kwenye mpando peke yake, na kubandika sumaku ndogo zenye nguvu chini ya chasisi, kati ya ekseli. Kampuni ya DCCconcepts huuza vifaa vya aina hiyo kwa jina la Powerbase. Uzuri wake ni kwamba mkandamizo unapatikana pale tu unapohitajika, na tofauti na risasi, mkandamizo huo hauna haja ya kupandishwa mlimani. Ubaya wake ni kwamba njia lazima ing'olewe, na kwamba nguvu ya sumaku hupungua upesi sana umbali unapoongezeka, kiasi kwamba milimita moja ni tofauti kubwa. Tena sumaku huokota kila msumari mdogo ulioachwa njiani.

MwanagenziReli

Nawashukuru nyote. Nimetumia siku tatu kupima na naleta namba. Kwa kapi na kikombe, baada ya kusafisha reli na magurudumu kwa alkoholi ya isopropili, injini iliteleza ilipofika gramu 48. Bogi ya mbele inabeba gramu 35. Kibehewa cha makaa kinachukua umeme kwa ekseli mbili kati ya tatu. Magurudumu yote sita ya kuendeshea yanagusa kioo.

Lililonishangaza ni mabehewa. Niliweka kila behewa juu ya kipande cha reli kilichopigiliwa kwenye ubao, nikauinua ubao polepole huku nikiugonga kidogo kwa kidole, mpaka behewa lianze kushuka lenyewe. Sita kati yao yalianza kushuka kwenye mwinuko wa karibu asilimia 2. Mawili yaligoma mpaka nilipofika asilimia 6. Hayo mawili ndiyo yenye taa za ndani.

KapiNaUzi

Hapo umegusa jambo ambalo watu wengi hulipita. Gramu 48 kwa uzito wa gramu 245 ulio juu ya magurudumu ya kuendeshea ni msuguano wa 0.196, kwa hiyo injini yako ni nzima na inafanya kile ambacho fizikia inairuhusu. Mabehewa mawili yenye taa, kwa upande mwingine, yanadai gramu 15 na ushee, sawasawa na mengine yote sita kwa pamoja. Sababu yake karibu kila mara ni vile vibati vya shaba vinavyosugua nyuma ya magurudumu au juu ya ekseli ili kuchukua umeme wa taa. Vikunje nje kidogo, viguse bila kukandamiza. Ukiweza, vifanye visugue ekseli badala ya ukingo wa gurudumu, kwa kuwa karibu na kitovu breki inayotokana na msuguano ule ule huwa ndogo. Hakikisha pia ncha za ekseli zimekaa vizuri katika vishimo vyake, na ukitaka kulainisha tumia unga kidogo wa grafiti, si mafuta, maana mafuta yanayodondoka kwenye reli yatakunyang'anya mshiko wote unaoutafuta.

Kuhusu kuongeza uzito, pima kwanza umeme. Weka ampeamita kwenye waya mmoja unaolisha njia, zuia injini kwa mkono kwenye volti 12 mpaka magurudumu yateleze, usome. Kisha zuia magurudumu yasizunguke kabisa kwa sekunde moja tu, usome tena. Mota hutoa kazi yake kubwa kabisa ikiwa karibu na nusu ya mzigo wa kuganda, lakini huko ndiko inakopata joto jingi, kwa hiyo mimi hutaka umeme wa kuteleza usizidi theluthi moja hivi ya ule wa kuganda. Mtelezo ni fyuzi ya mota. Injini iliyopakiwa risasi mpaka haiwezi tena kuteleza itaganda siku itakaponasa mahali, na mota itaungua ukiwa umegeuka kutazama kitu kingine. Kama unatumia mfumo wa dijitali, kumbuka kwamba dikoda (kifaa kidogo ndani ya injini kinachoongoza mota) nyingi za HO zimekadiriwa ampea 1 mfululizo.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hawapendi kulisikia kwa sababu halinunuliki: mpando wako ungeanza mita moja mapema, ungekuwa asilimia 2 badala ya 3. Katika treni yako yote hiyo ni nafuu ya gramu 14, yaani zaidi ya kile ambacho gramu 60 za risasi zitakupa.

MwanagenziReli

Narejea kuwaarifu matokeo. Umeme wa kuteleza ulikuwa ampea 0.3 na wa kuganda 1.1, kwa hiyo niliona nafasi ipo. Nililegeza springi ya bogi, nayo sasa inabeba gramu 10 badala ya 35. Ndani ya boila nimeweka gramu 60, nyingi zikiwa risasi na kidogo tungsteni, zote kwa epoksi, na injini inatulia juu ya kidole. Inateleza sasa kwenye gramu 65, na umeme wa kuteleza ni ampea 0.38, ambayo naona ndiyo mwisho wangu kwa kanuni ya KapiNaUzi. Vibati vya taa nimevihamishia kwenye ekseli, na mabehewa yale mawili yanashuka kwenye asilimia 2.5.

Baada ya yote hayo mpando ule wa zamani ulikubali mabehewa sita, na la saba mara moja moja. Hapo nikakubali kwamba ubishi ulikuwa kati yangu na mwinuko. Niliondoa nguzo, nikasogeza mwanzo wa mpando mita moja nyuma, na kazi iliyonichukua jioni mbili ikafanya kile ambacho nilidhani ningekinunua. Mabehewa saba sasa hupanda bila kusita. Manane hupanda reli zikiwa safi, lakini nikiisimamisha treni ndani ya kona, haiwezi kuondoka tena bila kusukumwa. Mpira nimeuacha kwa sasa, Ndugu PeteYaMpira, ingawa seti moja ya magurudumu ya nyuma yenye mfereji nimeiagiza ili nipime kwa kapi lile lile.

PeteYaMpira

Nitaisubiri namba yako kwa hamu. Ukiipima, tafadhali ipime mara mbili: siku pete ikiwa mpya, na baada ya saa ishirini za kazi, maana hapo ndipo mimi na FundiRisasi tunapotofautiana.

FundiRisasi

Na uiandike hali ya reli siku zote mbili.